Kuchagua Kiunzi cha Hifadhidata kwa Majina ya Njia ya Misafara: Mfano wa Tabora



Nimepewa heshima ya kutoa mhadhara huu katika uwanja wa taaluma za Kiswahili, na pengine baadhi yenu mlishangaa kuona katika mwaliko kwamba nitazungumzia programu za kompyuta. Naomba msiondoke. Sikukusudia kufundisha uhandisi wa programu, fani ambayo sikuisomea na ambayo wanafunzi wangu wananizidi kwa mbali. Ninataka kueleza jambo la kiisimu ambalo nilikutana nalo mahali nisipolitarajia, yaani katika tabaka lile la programu lililo kati ya ukurasa wa tovuti na hifadhidata.

Nianze na hasara. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii, mimi na wenzangu wachache tulikusanya kwa wazee wa Tabora, Urambo na Sikonge majina ya vituo vya misafara, ya visima na ya vijito, pamoja na msamiati wa upagazi waliousikia kwa baba na babu zao. Tuliyahifadhi katika programu moja iliyosifiwa sana wakati ule kwa wepesi wake. Waliyoitengeneza waliiacha, toleo jipya la kompyuta likakataa kuiendesha, na muundo wa faili zake ulikuwa siri ya wenyewe. Faili hizo tunazo hadi leo, hazifunguki. Kilichosalia ni kurasa chache tulizozichapa kwa ajili ya semina. Wazee wale, wengi wao, wametangulia mbele ya haki, na hakuna wa kumrudia.

Kwa hiyo tulipoamua kuanza upya, safari hii kwa kutumia matini zilizokwisha kuchapishwa na zinazopatikana maktabani, swali la chombo halikuwa tena swali la mafundi peke yao.

Matini na watu wake

Njia tunayoizungumzia ilitoka pwani, Bagamoyo kwa umaarufu, ikapita Mpwapwa na nchi ya Wagogo, ikafika Unyanyembe, ilipo Tabora, na kutoka hapo ikagawanyika: tawi moja kwenda Ujiji, mengine kaskazini na kusini-magharibi. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii katika orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, na Kwihara, karibu na Tabora, ni miongoni mwa vituo vilivyotajwa. Ndipo Livingstone alipokaa kwa miezi kadhaa mwaka 1872, akisubiri wapagazi.

Matini za Kiswahili kuhusu njia hii si nyingi, lakini zina uzito. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kwa lakabu ya Tippu Tip, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Heinrich Brode akazichapisha kwa hati za Kirumi pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903, na W. H. Whiteley akazifasiri kwa Kiingereza katika miaka ya 1950. Carl Velten alichapisha mwaka 1901 mkusanyiko wa safari za Waswahili, na ndani yake imo safari ya bara ya Selemani bin Mwenye Chande, ambaye jina lake katika chapa ile limeandikwa kwa tahajia ya Kijerumani, »Sleman bin Mwenye Tshande«. Kwa upande wa wageni wapo Burton, aliyefika mwaka 1857 na kitabu chake kutoka mwaka 1860, na Stanley baada yake. Tena wapo Mapadre Weupe waliofika Unyanyembe mwishoni mwa miaka ya 1870 na kuandika kwa Kifaransa.

Sasa tazameni jina moja tu. Burton anaandika Unyamwezi. Ramani za Kijerumani zinaandika Unjamwesi. Wafaransa wanaandika Ounyamouézi. Mwandishi wa hati za Kiarabu anaandika herufi ambazo msomaji ndiye anayezipa irabu. Na haya yote ni kabla ya tahajia sanifu iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Mtafiti wa leo anayeandika Wanyamwezi katika kisanduku cha kutafutia anastahili kuzipata zote. Je, chombo gani kitampatia?

Kiunzi ni nini

Neno kiunzi tumelizoea katika tasnifu zetu tunaposema kiunzi cha nadharia. Hapa nalitumia kwa maana iliyo karibu zaidi na ya fundi: miti inayosimamishwa kwanza ili udongo upate pa kushika. Anayetengeneza tovuti yenye hifadhidata haanzi na uwanja mtupu. Anachukua kiunzi kilichotengenezwa na wengine, kama Rails kilichotoka mwaka 2004, Django cha mwaka 2005, au Laravel cha mwaka 2011. Katika hifadhidata taarifa hukaa katika majedwali yenye mistari na safu. Katika programu taarifa zile zile hushughulikiwa kama vitu vyenye sifa. Kiunzi hutafsiri kati ya pande hizo mbili. Mwandishi wa programu anasema kuna kitu kiitwacho Kituo, na kiunzi kinajua ni jedwali lipi la kusoma.

Ushauri unaotolewa kwa kawaida juu ya kuchagua kiunzi ni wa kasi, wa wingi wa watumiaji na wa lugha ya programu anayoipenda fundi. Kwa kazi kama yetu nyingi ya hoja hizo hazina maana. Maneno na majina yetu ni maelfu machache. Kompyuta yoyote iliyopo dukani inayamaliza kabla hujapepesa jicho. Hoja ya wingi wa mafundi ina uzito zaidi, nami nitairudia.

Sarufi iliyofichwa

Mwanafunzi wetu wa kwanza alichagua Rails, akaanza kuunda vitu vyake kwa majina ya Kiswahili, kama nilivyomsihi. Siku ya pili akaniita. Kiunzi kilikuwa kinatafuta jedwali liitwalo mzigos.

Ndiyo kusema, ndani ya tabaka la hifadhidata la Rails kuna sarufi ya Kiingereza. Kiunzi huchukua jina la kitu katika umoja, hukigeuza kuwa wingi kwa kanuni zilizoandikwa humo, na wingi huo ndio jina la jedwali. Laravel hufanya vivyo hivyo. Mtu akiita kitu Mtu, jedwali litakuwa mtus. Akiita Kituo, litakuwa kituos. Lakini lililonifurahisha, kama nitaruhusiwa kufurahi, ni neno njia. Miongoni mwa kanuni za Rails ipo moja iliyokusudiwa maneno ya asili ya Kilatini yanayoishia -ta au -ia, isemayo kwamba hayo tayari ni wingi, yaachwe yalivyo. Kwa hiyo wingi wa njia, kwa Rails, ni njia. Bahati njema! Ngeli yetu ya tisa na kumi imeheshimiwa na mtu asiyeijua. Kisha kiunzi kinapotaka kurudi katika umoja kinatumia kanuni ya kinyume, na umoja wa njia unakuwa njium. Mwanafunzi alipoeleza kwamba kila msafara una njia nyingi, programu ilisimama ikilalamika kwamba haijui kitu kiitwacho Njium.

Mtaniambia: zima kanuni hizo. Zinazimika, Rails ina mpangilio wa kukataza uwingishaji wa majina ya majedwali, na inaruhusu kuorodhesha maneno yasiyofuata kanuni. Mwanafunzi mmoja alijaribu njia ya heshima zaidi, kuiandikia Rails kanuni za Kiswahili. Akaanza na mtu na watu, mtoto na watoto, mpagazi na wapagazi: m- iwe wa-. Akafika kwenye mti, mto, mzigo na msafara, akakwama. Umbo halitoshi. Hakuna kanuni inayotazama herufi za mtu na mti peke yake ikajua kwamba moja ni la ngeli ya kwanza na jingine ni la ngeli ya tatu. Ngeli si sifa ya tahajia. Ni taarifa ya neno, inayopaswa kuhifadhiwa pamoja nalo. Kwa wanaisimu hili ni somo la mwaka wa kwanza. Kwa waliobuni viunzi halikuwahi kuwa swali, kwa sababu lugha waliyoifikiria huweka wingi mwishoni mwa neno na huukadiria vizuri kwa kutazama umbo. Siwalaumu, kila fundi huanza na mti ulio karibu. Maktaba ya uwingishaji inayotumiwa na Laravel imekwisha kuongezewa kanuni za lugha chache nyingine, kama Kifaransa, Kihispania, Kireno na Kituruki, nazo zote huonyesha wingi kwa kiambishi cha mwisho.

Django ni ya upole zaidi. Jina la jedwali hailigeuzi. Lakini katika kurasa zake za usimamizi, pale ambapo anayeingiza taarifa huona orodha, huongeza s mwishoni mwa jina la kitu, ila uiambie vinginevyo. Kumwambia ni mstari mmoja kwa kila kitu, na mstari huo unaandika wingi wenyewe badala ya kanuni. Kwa Kiswahili hilo ndilo sahihi.

Ipo hoja ya wale wasemao: vipe vitu majina ya Kiingereza ndani ya programu, na Kiswahili kibaki kwa msomaji. Hivyo ndivyo mafundi wengi wa Afrika Mashariki wanavyofanya, na mradi wao unatembea. Nakubali kwamba kwa duka au kwa orodha ya wanafunzi hakuna hasara kubwa. Kwetu ipo. Hongo liite nini? Katika matini za karne ya kumi na tisa hongo ni ada ambayo msafara ulimlipa mtawala ili upite, hasa Ugogo. Leo hongo ni rushwa. Ukiliita kodi umepotea upande mmoja, ukiliita rushwa umepotea upande wa pili, na yule anayejaza jedwali atafuata jina uliloliandika. Kirangozi je, yule aliyetangulia mbele ya msafara, ambaye neno lake ni ndugu wa kiongozi wa leo lakini si yeye? Ndani ya programu ndimo uamuzi wa maana unamofanyika, na mimi ningependa ufanyike kwa Kiswahili.

Kutafuta kutoka mwisho

Lakini majina ya majedwali ni jambo dogo likilinganishwa na utafutaji, na hapa naomba subira yenu kidogo.

Hifadhidata huharakisha utafutaji kwa faharasa. Faharasa ya kawaida imepangwa kama kamusi: kutoka herufi ya kwanza. Ukijua mwanzo wa neno, unafika upesi. Ukijua katikati au mwisho tu, faharasa haikusaidii, lazima kusoma kila mstari. Mpangilio huu unafaa lugha ambayo shina liko mbele na viambishi nyuma. Katika Unyamwezi, Wanyamwezi, Mnyamwezi na Kinyamwezi, kinachobadilika ni mbele. Tatizo hili watunga kamusi wa Kiswahili walilijua zamani, ndiyo maana vitenzi tunavipanga kwa shina. Vivyo hivyo programu za kukata viambishi ambazo hifadhidata nyingi huja nazo hukata mwishoni mwa neno, wala Kiswahili hazikijui.

PostgreSQL, hifadhidata huria ambayo viunzi vyote nilivyovitaja vinaweza kuitumia, ina nyongeza inayokata neno katika vipande vya herufi tatu tatu na kulinganisha vipande. Tulifanya hesabu kwa mkono, ubaoni, na wanafunzi. Unyamwezi na Mnyamwezi, kila moja lina vipande 10, ukihesabu na nafasi zinazoongezwa mwanzoni na mwishoni. Vipande 7 ni vya pamoja kati ya 13 vilivyo tofauti. Ufanano ni karibu 0.54. Kizingiti ambacho nyongeza hiyo huja nacho ni 0.3. Majina hayo mawili yanapatana bila mtu kuieleza kompyuta habari za ngeli.

Tukaendelea. Unyamwezi na Unjamwesi: vipande vya pamoja ni 4 kati ya 16. Ufanano ni 0.25. Chini ya kizingiti. Yaani chombo kilichotupita kwa urahisi katika jambo la ngeli kimeshindwa katika jambo la tahajia ya Kijerumani, ambalo msomaji yeyote wa darasa hili angelitambua mara moja. Unaweza kushusha kizingiti, lakini ukikishusha utaletewa na majina yasiyohusika. Jibu tulilolifikia ni la zamani kabisa: jedwali la tahajia mbadala, linalojazwa na mtu anayejua kwamba j ya Mjerumani ni y yetu, s yake kati ya irabu ni z yetu, na ou ya Mfaransa ni u. Kazi hiyo hakuna kiunzi kinachoifanya. Ni kazi ya idara hii.

Jina si mahali

Kosa letu kubwa katika muundo wa kwanza halikutoka kwa Rails wala Django. Tulilifanya wenyewe, ila viunzi vilitushawishi. Kiunzi kinakualika ufikiri kwamba kuna kitu, na kitu kina sifa moja iitwayo jina. Kituo kina jina. Mtu ana jina. Jedwali la watumiaji linalokuja na Django lina hata safu mbili, jina la kwanza na jina la mwisho, na mwanafunzi akaliiga kwa ajili ya watu wa kihistoria. Akapata Hamed bin Muhammed chini ya M, na baba yake, Muhammed bin Juma, chini ya J, kama watu wasiojuana. Tippu Tip hakuwa na mahali. Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, ni jina la baadaye la mtu aliyezaliwa Mbula Mtelya. Isike wa Unyanyembe, aliyefariki katika vita na Wajerumani mwaka 1893, katika maandishi ya Kijerumani ni Siki.

Burton aliita Kazeh mahali ambapo waliomfuata wamezoea kupaita Tabora. Je, Kazeh ni jina la zamani la Tabora, au ni jina la kitongoji kimoja kilichomezwa na mji? Ukiwa na safu moja ya jina, umelazimika kujibu swali hilo kabla hujalichunguza. Kwa hiyo tukapindua muundo. Kitu cha msingi katika hifadhidata yetu si mahali wala mtu. Ni ushahidi: tahajia fulani, katika matini fulani, ukurasa fulani. Uhusiano wa ushahidi na mahali ni dai, lenye mwenye dai na tarehe yake, na madai mawili yanayopingana yanaweza kukaa pamoja.

Na tarehe nayo ina mambo yake. Barua iliyoandikwa mwaka 1300 wa Hijria, bila mwezi, ni ya lini? Mwaka huo ulianza Novemba 1882 na kwisha mwanzoni mwa Novemba 1883. Safu ya kawaida ya tarehe inadai siku, mwezi na mwaka. Usipokuwa nazo, utabuni. Wengi hubuni: wanaandika tarehe mosi Januari, na baada ya miaka kumi hakuna anayekumbuka kwamba ilibuniwa. PostgreSQL tangu mwaka 2012 ina aina ya taarifa inayohifadhi muda kama masafa, kutoka siku hii hadi ile, na Django inaijua aina hiyo. Tunaandika masafa, na kando yake maneno ya mwandishi kama alivyoyaandika.

Uamuzi

Mwishowe tulichagua hifadhidata kwanza, kiunzi baadaye. Hifadhidata ni PostgreSQL. Majedwali tuliyaandika kwa mkono katika SQL, lugha ya hifadhidata iliyopata kiwango rasmi nchini Marekani mwaka 1986 na ambayo imeviona viunzi vingi vikija na kwenda. Juu yake tukaweka Django, kwa sababu mbili tu: kurasa zake za usimamizi zinampa mkusanyaji fomu ya kujazia bila sisi kuiandika, na vijana wanaoijua Python wanapatikana hata nje ya Dar es Salaam. Hapo ndipo hoja ya wingi wa mafundi inapokuwa na uzito. Kiunzi bora ambacho mtu mmoja tu anakielewa ni hatari. Mtu huyo atahitimu na kuajiriwa. Utafutaji mgumu hatukuuachia kiunzi. Tumeuandika kama mitazamo ndani ya hifadhidata yenyewe, ili yeyote atakayeweka kiunzi kingine aukute.

Wapo wenzangu wanaoona kwamba hivyo tumejitwisha mzigo maradufu, kwamba ukichukua kiunzi ukichukue chote. Wana haki kwa kiasi. Kila kiunzi kinapotoa toleo jipya, sisi tunaangalia pande mbili. Hata yale matoleo ya Django yanayoahidiwa huduma ndefu huhudumiwa kwa takriban miaka mitatu. Muswada wa Tippu Tip ulichapwa zaidi ya miaka 120 iliyopita na bado unasomeka. Kwa sababu hiyo kila mwisho wa mwezi tunatoa nakala ya hifadhidata nzima kama maandishi matupu, yanayosomeka kwa programu yoyote ya kuandikia, na nakala moja huchapwa kwenye karatasi. Mafundi walicheka walipoona karatasi. Wale waliokuwapo tulipopoteza maneno ya wazee wa Sikonge hawakucheka.

Lililobaki mbele yetu ni jedwali la tahajia. Sehemu ya Kijerumani imeanza, ya Kifaransa bado, na ya hati za Kiarabu inahitaji msomaji mwenye uzoefu wa Kiswahili kilichoandikwa kwa hati hizo, anayejua kwamba mwandishi mmoja huweka alama za p na ch, na mwenzake hutumia b na sh akimwachia msomaji kutambua. Kama yumo ukumbini mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, naomba anione baada ya maswali.